Paa likivuja, leseni ya nani iko hatarini?

RIPOTI YA SOKO: UJENZI

Na Mwandishi Wetu

KATIKA soko la ujenzi bei ya kazi huandikwa siku ya zabuni, lakini gharama yake halisi hujulikana mvua ya kwanza inaponyesha. Mwenye jengo aliyelipia paa la zege lisilovuja, kisha akaona maji yakichuruzika ndani ya duka la mpangaji wake, hugundua mambo mawili kwa siku moja: kwamba kazi ni mbovu, na kwamba aliyeifanya hayupo tena saiti. Mkandarasi mkuu anasema kazi ile ilikuwa ya mkandarasi msaidizi. Mkandarasi msaidizi anasema hajalipwa fedha zake zote. Mpangaji naye hataki kusikia habari za yeyote kati yao. Anataka kupunguziwa kodi.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia jambo ambalo wenye miradi wengi hulifikiria wakiwa wamekwisha chelewa: ni kwa njia gani mkandarasi msaidizi mwenye usajili halali, aliyeharibu kazi na kukataa kurudi kuirekebisha, anaweza kuchukuliwa hatua. Suala hili si la wanasheria peke yao. Linagusa bei za zabuni, kodi za majengo, na jina la kampuni zinazotafuta kazi ijayo.

Kazi inagawanywa, dhamana haigawanywi

Jengo la ghorofa tatu au nne siku hizi halijengwi na kampuni moja. Mkandarasi mkuu hushika msingi, nguzo, zege na kuta. Umeme humpa mwingine, mabomba mwingine, lifti mwingine, vioo na alumini mwingine, na kuzuia maji kwenye paa humpa mtu wa fani hiyo. Hawa ndio makandarasi wasaidizi, ambao saiti huitwa masabukontrakta.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya mwaka 1997 ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kabla ya hapo makandarasi wa majengo walisajiliwa na bodi moja pamoja na wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, chini ya sheria ya mwaka 1972. Bodi ya sasa husajili makandarasi wa majengo, wa kazi za kihandisi kama barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo, na makandarasi maalumu. Kila mmoja huwekwa kwenye daraja, na daraja hilo huweka kikomo cha thamani ya kazi anayoruhusiwa kuichukua. Kwa hiyo mtu wa umeme au wa kuzuia maji naye huwa na namba yake ya usajili, na namba hiyo ndiyo riziki yake.

Hapa ndipo penye ufunguo wa habari yote. Kwa upande wa mkataba, mwenye jengo hana uhusiano wa moja kwa moja na mkandarasi msaidizi. Alitia saini na mkandarasi mkuu, na huyo ndiye anayewajibika kwake. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, yanayotumika katika miradi mingi mikubwa ya eneo letu, yanasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 4.4: mkandarasi anawajibika kwa matendo na makosa ya mkandarasi msaidizi kana kwamba ni yake mwenyewe. Lakini usajili haupiti katika mnyororo wa mikataba. Aliyesajiliwa anawajibika kwa Bodi kwa mwenendo wake, awe mkuu au msaidizi. Mwenye jengo asiyeweza kumdai mkandarasi msaidizi kwa mkataba bado anaweza kumlalamikia kwa mwenye kumpa usajili.

Laki saba na nusu haimrudishi mtu

Watu wengi hudhani fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo inayobaki mkononi mwa mwenye mradi hadi kasoro zirekebishwe, zinatosha kumvuta mkandarasi arudi. Tupige hesabu ya mfano.

Chukua mradi wa Sh. milioni 600. Kazi ya kuzuia maji kwenye paa imepewa mkandarasi msaidizi kwa Sh. milioni 30. Zuio ni asilimia 5, na nusu yake hurudishwa siku ya makabidhiano ya awali kama ilivyo desturi. Kwa mkandarasi msaidizi, asilimia 5 ni Sh. milioni 1.5. Nusu ikitoka, inabaki Sh. 750,000.

Sasa paa limevuja. Inabidi kubandua utando wa lami, kusawazisha mteremko upya, kuweka utando mwingine na kuupima. Tuseme gharama ni Sh. milioni 18. Mwenye kampuni anakaa mezani na karatasi mbili. Akirudi, anatoa milioni 18. Asiporudi, anapoteza laki saba na nusu. Mfanyabiashara asiyeogopa kitu kingine chochote atachagua nini?

Kwa mkandarasi mkuu hesabu ni tofauti. Zuio lake lililobaki ni Sh. milioni 15. Mwenye jengo akiita fundi mwingine na kumkata gharama yote, zuio lile linamezwa lote na bado anadaiwa milioni 3. Ndiyo maana katika migogoro hii mkandarasi mkuu hupiga simu usiku na mchana, na mkandarasi msaidizi ndiye asiyepokea.

Kinachobadilisha hesabu hiyo ni usajili. Kampuni ikisimamishwa, inapoteza kazi za mwaka mzima na zabuni zilizo njiani, na wateja huanza kuuliza maswali. Ukiweka hasara hiyo kwenye mizani, milioni 18 huanza kuonekana nafuu. Kwa hiyo nidhamu ya usajili hufanya kazi ambayo fedha za zuio haziwezi kuifanya, hasa kwa kandarasi ndogo ambazo zuio lake ni dogo na matengenezo yake ni makubwa.

Masika hayasomi mkataba

Jambo la pili ambalo wengi hulipuuza ni kalenda. Kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi analazimika kurudi kurekebisha kasoro, huwekwa kwenye mkataba. Katika kazi ndogo wapo wanaokubali miezi 6 bila kufikiri.

Jengo la Dar es Salaam likikabidhiwa tarehe 10 Juni, miezi 6 inaishia tarehe 10 Desemba. Paa litakuwa limeonja vuli tu, tena pengine vuli hafifu. Masika ya Machi hadi Mei, ambayo ndiyo mtihani wenyewe, yatakuja wakati mkandarasi amekwisha chukua zuio lake na kuondoka. Miezi 12 hupitia misimu yote miwili. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999 yamependekeza siku 365 katika kiambatanisho chake, na kwa hali ya hewa yetu huo ndio muda wa chini unaoingia akilini kwa paa, mifereji na kuta za nje.

Isidhaniwe pia kwamba kipindi cha matazamio kikiisha, kila kitu kimeisha. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba. Sheria ya Kenya nayo inatoa miaka 6. Tofauti ni kwamba ndani ya matazamio unamwita mkandarasi arudi afanye kazi, na baada ya hapo unamdai fidia. Kumrudisha fundi ni rahisi kuliko kupata hukumu.

Kasoro ithibitishwe, isisimuliwe

Malalamiko mengi hufia njiani kwa sababu moja: mlalamikaji ana hasira lakini hana vipimo. Kuandika kwamba "paa linavuja na fundi ni mwongo" hakumsaidii mtu. Inatakiwa ripoti ya mhandisi au msanifu majengo inayoonyesha mahali, tarehe, sababu na kiwango kilichovunjwa.

Kwa paa bapa, kipimo kinachojulikana ni kuziba matundu ya kutolea maji, kujaza maji juu ya paa na kuyaacha saa 24 hadi 48 huku mtu akiangalia dari chini. Kwa nyaya za umeme, kifaa cha kupima ukinzani wa kihami husema kweli bila upendeleo: viwango vya Uingereza vya BS 7671 vinataka isipungue megaomu 1 kwa saketi za kawaida za nyumbani na maofisini. Kwa mabomba hupimwa shinikizo kabla ukuta haujapigwa plasta. Vipimo hivi vikifanywa siku ya makabidhiano na kuwekwa kwenye faili, ugomvi wa baadaye hupungua nusu.

Sababu nayo ina uzito wake. Paa linaweza kuvuja kwa kuwa mteremko haukufuatwa na maji yanatuama. Hapo mwenye kosa ni aliyeweka mteremko. Linaweza kuvuja kwa kuwa utando haukupandishwa vya kutosha kwenye ukingo. Hilo ni la mkandarasi wa kuzuia maji. Linaweza pia kuvuja kwa sababu fundi wa umeme alitoboa utando kupitisha waya, au mpangaji alifunga dishi la televisheni kwa boliti, au mwenye jengo mwenyewe aliongeza tangi la maji juu ya stendi ya chuma iliyochoma lami. Katika visa hivyo vitatu vya mwisho, kumburuta mkandarasi wa paa mbele ya Bodi ni kumwonea. Nyufa nyembamba za plasta na uchakavu wa kawaida navyo visichanganywe na kazi mbovu.

Barua kwanza, Bodi baadaye

Wazoefu wa migogoro ya saiti wanajua kwamba kinachohukumiwa mara nyingi si uvujaji bali mwenendo baada ya uvujaji. Kila mkandarasi hukosea. Anayepaswa kuadhibiwa ni yule aliyejulishwa, akapewa nafasi, akakataa. Kwa hiyo mpangilio wa karatasi ndio kesi yenyewe.

Kwanza, msimamizi wa mradi anaandika orodha ya kasoro na kuikabidhi kwa mkandarasi mkuu, na mkandarasi mkuu anamwandikia msaidizi wake. Nakala ya barua ya mwenye jengo imfikie pia huyo msaidizi, ili asije akasema hakujua. Barua itaje kasoro moja moja, itaje siku za kurekebisha, na iseme lini na kwa nani ufunguo utapatikana. Siku ziwe za haki: siku 3 kwa mfereji ulioziba, wiki kadhaa kwa paa zima.

Pili, muda ukipita, iandikwe barua ya mwisho inayosema kwamba kazi itafanywa na mtu mwingine kwa gharama ya aliyeharibu. FIDIC katika kifungu cha 11.4 inampa mwenye mradi haki hiyo, baada ya taarifa yenye muda wa kutosha. Kabla fundi mpya hajagusa kitu, picha zipigwe, vipimo virudiwe, na aliyeharibu aalikwe kushuhudia. Wengi hukosea hapa. Hubandua paa kwa hasira, na siku ya shauri ushahidi wote uko jalalani.

Tatu, malalamiko yaende kwa Bodi, yakiwa na mkataba, barua, ripoti, picha na namba ya usajili ya anayelalamikiwa. Bodi ina uwezo wa kuchunguza na, kosa likithibitika, kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari lake.

Haiwezi kufanya hivyo kwa kusikia upande mmoja. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu kwa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine, na usajili wa mfanyabiashara ni haki nzito. Adhabu iliyotolewa bila mkandarasi kuitwa huvunjwa kirahisi, na mwenye jengo hurudi alikoanza akiwa amepoteza miezi.

Ieleweke pia kwamba nidhamu hailipi deni. Bodi ikimsimamisha mkandarasi, paa halijawa kavu na kodi iliyopotea haijarudi. Fidia hupatikana kwa msuluhishi au mahakamani, na Sheria ya Mikataba katika kifungu cha 73 inamtaka anayedai naye awe amechukua hatua za maana kupunguza hasara yake. Aliyeacha maji yaingie dukani kwa mwaka mzima ili deni likue hatalipwa lote. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ni moja ya milango ya usuluhishi wa migogoro ya aina hii. Njia hizi mbili, ya nidhamu na ya fidia, zaweza kwenda pamoja, lakini kila moja ina mlango wake.

Wenzetu wanafanyaje

Katika jimbo la Queensland, Australia, sheria ya mwaka 1991 imelifanya agizo la kurekebisha kazi kuwa chombo maalumu cha mamlaka ya leseni. Mamlaka humwagiza aliyefanya kazi arudi arekebishe, na agizo hilo linaweza kumwangukia mkandarasi msaidizi moja kwa moja. Kwa kawaida agizo lazima litoke ndani ya miaka 6 na nusu tangu kazi kukamilika. Kulikaidi ni kosa linalojitegemea: hakuna haja ya kuanza upya kubishana nani alikuwa fundi bora. Makosa huhesabiwa kwa alama, na anayefikisha alama 30 ndani ya miaka 3 hupoteza haki ya leseni kwa miaka 3.

Sheria hiyo hiyo inamlinda mkandarasi. Mamlaka inaweza kukataa kutoa agizo ikiona si haki kufanya hivyo, na mfano uliotolewa ni mwenye nyumba anayemkatalia mkandarasi kuingia, au aliyeacha kutunza nyumba hadi kasoro ikawa kubwa zaidi.

Huko California, Marekani, bodi ya leseni za makandarasi ilianza mwaka 1929. Nayo inaweza kuambatanisha adhabu na amri ya kurekebisha, na kila mwenye leseni huweka dhamana ambayo tangu Januari 2023 ni dola 25,000. Mteja anaweza kuangalia kwenye mtandao hali ya leseni na hatua za nidhamu zilizochukuliwa kabla hajatia saini. Jambo hilo la mwisho huenda ndilo lenye makali kuliko yote, maana soko lenyewe ndilo linalotoa adhabu.

Anayedai naye awe safi

Tuseme na upande wa pili, kwani nao una hoja. Wapo makandarasi wakuu wanaotumia neno "kasoro" kama kufuli ya kuzuia malipo. Kazi ya milioni 30 imekwisha, amelipwa milioni 20, na kila akienda ofisini anaambiwa mwenye mradi hajatoa fedha. Miezi minane baadaye anaitwa kurekebisha paa. Anajibu, "Nikilipwa nitarudi." Kwa sheria jibu hilo linaweza kumponza, lakini kila anayesikiliza shauri ataliuliza.

Dawa ni kutenganisha. Kinachodaiwa bila ubishi kilipwe. Kinachozuiwa kiwe ni gharama ya kurekebisha iliyokadiriwa na mkadiriaji majenzi, wala si deni lote. Mkandarasi mkuu aliyelipa anachodaiwa, akaandika barua zake kwa tarehe na kufungua mlango, huenda Bodini mikono ikiwa safi. Yule anayedaiwa milioni 10 na huku analalamikia uvujaji wa milioni 2 atajikuta yeye ndiye anayejieleza.

Mkandarasi msaidizi naye ajilinde kwa kalamu. Akiona mteremko alioukuta ni mbovu, aandike kabla ya kuweka utando. Akikuta fundi mwingine ametoboa kazi yake, apige picha siku hiyo hiyo na kutoa taarifa. Akiitwa, arudi hata kama anabisha. Akague, aandike anachokiona, na arekebishe huku akihifadhi haki ya kudai gharama. Kurudi hakumaanishi kukiri kosa, na kutorudi ndiko kunakoweka usajili mezani.

Somo kwa soko

Kwa wanaoandaa zabuni msimu huu, ushauri ni huu. Bei ya chini kabisa ya mkandarasi msaidizi isipokelewe kabla ya kujua kama ndani yake mna gharama ya kurudi. Omba namba ya usajili na daraja, uvihakiki kwa Bodi wewe mwenyewe. Uliza kazi mbili alizomaliza mwaka juzi, uende kuzitazama wakati wa mvua, uongee na mlinzi na wapangaji. Katika mkataba wa msaidizi weka kipindi cha matazamio kisichopungua kile cha mkataba mkuu, na kwa kazi za paa dai dhamana ya maandishi inayoweza kuhamishiwa kwa mwenye jengo. FIDIC katika kifungu cha 4.5 imeweka nafasi ya uhamisho huo pale majukumu ya msaidizi yanapovuka kipindi cha matazamio. Zuio la kazi zenye hatari kubwa ya maji liwe juu kuliko la kazi za rangi.

Masharti haya yatapandisha bei kidogo, na wapo watakaonung'unika. Lakini mwenye jengo anayelipa zaidi kidogo leo kwa mkandarasi anayeogopa kupoteza usajili wake ananunua paa pamoja na mtu wa kumpigia simu mwezi Aprili. Aliyenunua kwa bei ya kutupa ajiulize mapema atampigia nani.